Laini, Ororo na Jani la Chai

Mwaka wangu wa kwanza hapa chuoni niliandika insha ya uhakiki ambamo nilisema kwamba mshairi fulani ana "ulaini wa mtindo". Insha iliporudi, neno ulaini lilikuwa limezungushiwa wino mwekundu, na pembeni pameandikwa: hili ni la Kiarabu, tafuta la Kibantu. Mwalimu simtaji, ni mtu mwema na alama alinipa za kutosha. Nikaenda maktaba, nikatafuta, nikapata -ororo. Nikaandika upya: "uororo wa mtindo". Jamani! Nilipowasomea wenzangu chumbani walicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Makala haya yametokana na kicheko kile. Nauliza swali moja la historia: ni nani aliyetufundisha kwamba neno likishatoka Uarabuni haliwezi kuwa letu, na hasa haliwezi kusemea vitu vile tunavyovipima kwa ncha ya kidole? Sehemu kubwa ya jibu, kama nitakavyojaribu kuonyesha, ina njia inayopita milimani kwetu Usambara, tena inapitia kwenye Agano Jipya la Kigiriki. Lakini kabla ya kufika huko naomba ruhusa ya kuanzia shambani.

Kwetu Mponde, upande wa Bumbuli, wilaya ya Lushoto, mtoto hulijua neno laini kabla hajajua kusoma. Chai huchumwa majani mawili na chipukizi lake. Siku ya kwanza nilipofuatana na mama nilikuwa na haraka ya kujaza, nikawa navuna kama mtu anayekata majani ya ng'ombe. Mama alimimina kapu langu lote juu ya kiroba akaanza kuchambua. "Hili limekomaa. Hili limekomaa. Hili nalo, mwanangu, hili ni kuni." Kisha akanionyesha: unashika kikonyo kwa kidole gumba na cha shahada, unakikunja. Kikikatika papo hapo ni laini. Kikipinda kikaacha uzi, kimeshakuwa mti, achana nacho. Nusu ya kazi yangu ya asubuhi ilibaki chini ya michai, na kilo ndizo fedha. Kwa hiyo neno lile nililijua kwa hasara.

Angalieni alivyosema. Nyumbani mama huzungumza Kishambaa, lakini neno la kupimia jani alilitamka kwa Kiswahili, maana ndilo neno la mizani, neno ambalo mchumaji na karani wote wawili wanalikubali. Halikuwa neno la msikitini wala la kitabuni. Lilikuwa neno la kikapu. (Kiwanda cha Mponde chenyewe kilifungwa mwaka 2013 kwa mgogoro, kikakaa kimya kwa miaka mingi, na mchai usipochumwa hurefuka ukawa mti kweli kweli. Hiyo ni habari ya siku nyingine, ingawa ni vigumu kwa mtu wa Mponde kuandika juu ya chai bila kuigusa.)

Waingereza, ambao ndio waliotuletea lugha ya daraja za chai, wana neno moja, "fine", na wanalifanyisha kazi mbili zisizofanana. Shambani, jani "fine" ni jani changa. Kiwandani, majani yakishanyaushwa, yakapita kwenye mashine inayoyaponda, kuyachana na kuyakunja (wapenda mzaha wa majina ya vijiji wajichekee hapa), yakachachushwa na kukaushwa, huchekechwa. Na hapo kilicho "fine" ni kile kidogo kinachopita tundu za mwisho za chekecheke, ambacho daraja lake Waingereza huliita kwa jina la vumbi. Sasa jani laini na vumbi laini si ndugu. La kwanza ni laini kwa umri, la pili ni laini kwa chekecheke. Hata jina "pekoe" linaloandikwa kwenye magunia si la Kiingereza; limetoka kwa Wachina wa Amoy, nalo lataja zile nywele nyeupe za chipukizi, ambazo zikiwa juu ya ngozi ya mtu sisi tunaziita malaika.

Nimekaa kwenye chai kwa sababu inaonyesha jambo ambalo mfasiri hulijua kwa taabu: wembamba, ulaini, uchanga, udogo na umaridadi ni vitu mbalimbali, na kila lugha huvifungasha kwa namna yake. Mpe Mgiriki wa leo neno la Kiingereza "delicacy" alitafsiri, atakuuliza kwanza, la nini? La tabia ya mtu na la uzi ni leptotita. La chakula ni lichoudia. La umaridadi wa mtu wa mjini ni finetsa, ambalo wamelitoa kwa Waitalia bila haya yoyote. Nasi ukituuliza tutajibu vivyo hivyo: uzi ni mwembamba, unga ni laini, ngozi ni nyororo, nyama iliyoiva ni teketeke, upepo ni mwanana, suala ni nyeti. Anayetafuta neno moja la yote haya anatafuta kapu la kubebea maji.

Basi tuje kwa Karl Roehl. Wamisionari wa Bethel kutoka Ujerumani walifika Mlalo, Usambara, mwaka 1891, wakaanzisha kituo walichokiita Hohenfriedeberg. Roehl alikuwa mmoja wa waliokuja baada yao. Hakuwa mtu wa kupita tu. Alijifunza Kishambaa vilivyo, na sarufi yake kubwa ya lugha hiyo ilichapishwa Hamburg mwaka 1911. Baadaye alipokaa kutafsiri Biblia kwa Kiswahili, akitafsiri kutoka Kigiriki na Kiebrania na akisaidiwa na walimu Waafrika, alikuwa tayari na masikio ya mtu wa mlimani. Agano Jipya lake lilitoka mwaka 1930, Biblia nzima mwaka 1937. Kinachojulikana zaidi juu ya Biblia hiyo ni kwamba Roehl aliamua kuyapunguza maneno ya Kiarabu kadiri alivyoweza, na kuweka ya Kibantu mahali pake.

Hoja yake aliiandika katika jarida la Africa, lililokuwa likitoka London, mwaka huo huo wa 1930. Kwa ufupi alisema kwamba Kiswahili cha pwani kimelemewa na maneno ambayo mtu wa bara hayaelewi, na kwamba uhai wa lugha hii umo katika Ubantu wake. Mwaka 1931, katika jarida lile lile, alijibiwa na Kasisi G. W. Broomfield wa misheni ya UMCA. Yeye aliikataa kazi hiyo ya kukirudisha Kiswahili kwenye Ubantu. Aliona kwamba maneno yaliyokwisha kuingia vinywani mwa watu ni Kiswahili, yawe yalitoka wapi. Tukumbuke majira yenyewe. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulikuwa umekwisha kuichagua lahaja ya Unguja iwe msingi wa usanifishaji, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930. Ugomvi wa wazee hawa wawili kwa hiyo haukuwa wa chumba cha kusomea tu. Ulikuwa unaamua watoto wetu watafundishwa Kiswahili kipi.

Nisimwonee Roehl. Kwanza, ni kweli kwamba mtu wa bara wa wakati ule hakuyajua maneno mengi ya watu wa pwani, na mfasiri anayetaka asomwe na mkulima ana haki ya kumfikiria mkulima. Pili, Biblia yake ilipendwa. Walutheri wengi waliisoma kwa miaka mingi hata baada ya nyingine kutoka. Lakini kulikuwa na jambo jingine chini ya hoja ya lugha. Mmisionari wa zama zile aliposikia Kiarabu alisikia Uislamu, na katika kusafisha msamiati alikuwa pia akijenga ua. Hilo naona wahakiki wetu hulipita haraka mno.

Tena milima yenyewe haikuwa ikimngoja Roehl ili isikie Kiswahili chenye Kiarabu. Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy kinachosimulia watawala wa Usambara, kilianza kuchapwa Magila mwaka 1895, sehemu baada ya sehemu mpaka 1907, nacho kiliandikwa kwa Kiswahili cha mtu wa pwani aliyeijua milima. Kwa hiyo historia kubwa ya Washambaa ilikuwa imekwisha kuandikwa kwa lugha ile ile ambayo Roehl aliiona kuwa ngeni huko juu.

Neno laini silo lililowagombanisha Roehl na Broomfield. Nimelichagua mimi kuwa kipimo, kwa sababu ni la jamii ile ile inayoshutumiwa: limetokana na layyin ya Kiarabu, na linaonekana kabisa kuwa mgeni maana halivai viambishi. Tunasema mtu mzuri, kitu kizuri. Lakini jani laini, unga laini, vitambaa laini, daima vile vile, kama mgeni anayekaa sebuleni na kanzu yake ya safari. Ororo ni mwenyeji. Ngozi nyororo, mavazi mororo. Hapo Roehl angenipiga kofi la hoja. Lakini mtazame mgeni huyu anapoingia kwenye kitenzi: lainika, lainisha, lainishia, lainishwa. Ameoa, amezaa, wajukuu wanacheza uani. Mwenyeji ororo kitenzi chake hukisikii mtaani.

Sasa nije kwenye Kigiriki chenyewe, maana Roehl alijivunia kwamba anatafsiri kutoka asili. Kigiriki changu ni cha seminari, cha kusoma kwa kidole, lakini kinatosha kuona jambo moja la ajabu. Kitambaa kile cha kifahari ambacho tajiri wa Luka 16 alikivaa, kile ambacho Ufunuo 19 unamvika bibi arusi, kwa Kigiriki hutajwa kwa neno byssos na vizawa vyake. Na byssos si la Kigiriki. Wagiriki walilipata kwa watu wa lugha za Kisemiti, jamii ya Kiebrania na Kiarabu, waliowauzia kitambaa chenyewe. Chiton je, lile vazi la ndani linalotajwa mara kwa mara katika Injili? Nalo pia ni mkopo wa Kisemiti, na wanaisimu wanalihusisha na jina la kitani, lile lile ambalo Kiarabu kinasema kattan na sisi tukasema kitani. Kwa hiyo mfasiri anayeondoa neno la Kisemiti ili awe mwaminifu kwa Kigiriki anaweza kujikuta Mgiriki mwenyewe ameliacha palepale.

Na Kijerumani cha Roehl? Mjerumani akitaka kusema kitu cha namna hii husema zart, ambalo ni lake, au fein, ambalo alilipata kwa Wafaransa. Ndilo lile lile "fine" la Waingereza, na mzizi wake ni neno la Kilatini la "mwisho": kitu kilichofikishwa mwisho wa kazi. Roehl alilisema tangu utotoni, na sidhani kama aliwahi kuona haja ya kumfukuza Mfaransa kinywani mwake.

Hapa ndipo penye dai langu. Maneno ya namna hii husafiri na bidhaa. Mtu hanunui kitambaa, chai, hariri wala manukato bila kununua na neno la kukisifia, kwa kuwa muuzaji ndiye anayekwambia kwa nini hiki ni ghali kuliko kile. Wagiriki walinunua byssos, Wajerumani wakanunua fein, Wagiriki wa leo wamenunua finetsa, sisi tukanunua laini. Kusema kwamba ni la Kiarabu ni kweli. Kusema kwamba kwa sababu hiyo si la Kiswahili ni sawa na kusema jahazi lililoleta nguo linaidai nguo hadi leo.

Wakati mwingine bidhaa inashuka hadhi na neno linabaki. Mkonge uliletwa Tanga na Hindorf mwaka 1893, na baadaye sehemu kubwa ya mashamba yake ilishikwa na Wagiriki, yaani Wagiriki hasa, wenye lugha yao, chini ya milima yetu. Nyuzi zake tunaziita katani. Katani na kitani ni neno moja la Kiarabu lililogawanyika midomoni mwetu: moja likaenda kuwa gunia na kamba, jingine likaenda kumvika bibi arusi wa Ufunuo. Mtoto wa Tanga akisikia "kitani nzuri" kanisani ana haki ya kujikuna.

Baada ya ugomvi ule wa 1930 na 1931 ikaja Biblia ya Union, iliyounganisha tafsiri za Unguja na Mombasa. Agano Jipya lilitoka 1950 na Biblia nzima 1952. Nimeiweka sambamba na Kigiriki nikatafuta maneno yangu. Katika Mathayo 11 Yesu anauliza watu walikwenda jangwani kumwona nani, mtu mwenye mavazi malaka? Malakos: cha kupapasika, kisichokwaruza. Wafasiri wakaandika mororo. Katika Mathayo 24 tawi la mtini linakuwa hapalos. Hapalos: changa, lenye utomvu, lisilokomaa. Wafasiri wakaandika laini.

Nilipoona hivyo nilisimama nikaenda kunywa maji. Ningetarajia kinyume. Nguo ndiyo iliyokuja kwa jahazi, basi ipewe neno la jahazini. Tawi limeota kwenye udongo, basi lipewe neno la Kibantu. Wao wamempa mgeni tawi na mwenyeji nguo, na wamepatia kabisa. Ororo ni la juu, la ngozi, la kiganja kinachopita. Ndiyo maana tunasema sauti nyororo, kwa kuwa sauti hutupapasa. Laini limekwenda ndani zaidi, limefika kwenye mahali kitu kinapokubali kukatika. Ndivyo mama alivyolitumia. Na ndiyo sababu wenzangu walicheka: mtindo wa mshairi hauna ngozi ya kupapaswa.

Mahali pengine wamefanya ujanja ambao sijui kama walikusudia. Luka 7 ina neno tryphe, maisha ya kudekezwa kwa vitu vizuri. Waingereza wa zamani waliandika kwamba watu hao wanaishi "delicately". Kiswahili kimesema wanakula raha. Hakuna nomino dhahania, hakuna kuhangaika. Raha imepelekwa mdomoni. Na raha, kwa taarifa ya mwalimu wangu wa wino mwekundu, ni ya Kiarabu, na kula ni kwa Kibantu, na sioni mshono.

Sisi wa uhakiki tunalo deni hapa. Kalimako, mshairi aliyezaliwa Kirene katika Libya ya leo na kufanya kazi Aleksandria katika karne ya 3 kabla ya Kristo, alifanya leptos kuwa sifa kuu ya ushairi. Leptos kwa asili ni kitu kilichomenywa, kwa hiyo chembamba. Ndipo pia likatoka jina la sarafu ndogo kabisa, lepton, zile mbili za yule mjane hekaluni, na hata leo senti za yuro huko Athens huitwa lepta. Kalimako alitaka shairi dogo lililomenywa vizuri kuliko utenzi mnene. Jaribu kusema kwa Kiswahili kwamba shairi ni jembamba: umelitukana. Sema ni jepesi: umesema halina kitu. Sema lugha yake ni laini: wengi watafahamu kwamba ni rahisi kueleweka. Ninyi mnaohakiki Kichomi cha Kezilahabi, chapa ya 1974, mmepata neno gani la kusemea jinsi mshairi yule alivyomenya vina na mizani akabakiza ute? Tunasema "ufundi", tunasema "ana mnato", tunasema "tamu", kisha tunarudi kwenye dhamira na migogoro ambako miguu yetu inapajua. Nadhani neno tunalolitafuta limo kwenye vitenzi vya kazi: kumenya, kupembua, kuchekecha, kuchambua. Tayari uchambuzi tumeshautoa huko huko, tukasahau kwamba ulikuwa wa mboga na wa chai kabla ya kuwa wa riwaya. Mimi kwa sasa nitaendelea kuandika ulaini, na wino mwekundu uje.

Likizo iliyopita nilikwenda nyumbani na Biblia ile ya Union. Jioni mama alikuwa ameketi jikoni akimenya viazi, nikamsomea habari ya mtini, nikamweleza kwa kirefu, pengine kirefu mno, juu ya hapalos na malakos, juu ya Mjerumani aliyekaa Mlalo na Mwingereza aliyemjibu. Alisikiliza vizuri. Nilipomaliza akaniuliza:

"Huo mtini, majani yake wanachuma?"

Nikamwambia hapana, wanakula matunda.

"Sasa kama hawachumi," akasema, "nani alilikunja tawi akajua limekuwa laini?"